Njia za Ukoo wa Huizenga

Mwaka 1893 Chicago ilikuwa mwenyeji wa Maonyesho ya Dunia. Watu waliingia humo zaidi ya mara milioni 27, na walitoka mbali kuja kuyatazama majumba meupe yaliyopangwa kando ya Ziwa Michigan. Mwaka huohuo, upande wa magharibi wa jiji ambako wageni wa maonyesho hawakuwa na sababu ya kufika, mhamiaji wa Kiholanzi aliyeitwa Harm Huizenga alianza kuzoa taka kwa gari la farasi. Malipo yake yalikuwa dola 1.25 kwa gari moja lililojaa. Kutokana na gari lile ilizaliwa Waste Management, kampuni kubwa kuliko zote za taka nchini Marekani, ambayo mapato yake ya mwaka 2023 yalivuka dola bilioni 20.

Habari hii imezoeleka kusimuliwa kama safari ya kupanda ngazi: farasi, lori, kampuni, soko la hisa. Mimi naona kiini chake kipo kwingine. Mzoa taka akifilisika, farasi atauzwa na gari litauzwa, na fedha itakayopatikana haitamshangaza mtu. Kitu chenye thamani ni njia, yaani maduka, mikahawa na majengo ya kupanga anayoyapitia kwa mpangilio uleule, siku zilezile, ambayo wenyewe wamekubali kumlipa yeye na si mwingine. Ukoo wa Huizenga uliishi kwa njia na kurithishana njia, na mwishowe ukazibadilisha njia hizo kuwa hisa. Mengi yaliyofuata, mema na mabaya, yametokana na mabadilishano hayo.

Chicago waliyoikuta Waholanzi ilikuwa imekua upesi kuliko ilivyoweza kujisafisha. Sensa ya mwaka 1890 ilihesabu zaidi ya watu milioni moja, katika mahali ambapo miaka 60 kabla palikuwa kijiji tu. Taka za majumbani zilitupwa kwenye masanduku makubwa ya mbao yaliyogongomewa kwenye barabara, na watoto wakayafanya uwanja wa kuchezea. Kazi ya kuzizoa jiji liliwapa wakandarasi, na ukandarasi wenyewe ulitolewa kwa kujuana kisiasa.

Mtu mmoja alikataa kuyazoea hayo. Jane Addams, ambaye mwaka 1889 alianzisha nyumba ya huduma za jamii ya Hull-House katika mtaa wa Halsted, aliwasilisha zabuni ya kuzoa taka za kata ya 19. Zabuni yake ilitupwa kwa sababu ya taratibu, lakini kelele iliyozuka ilimlazimu meya kumteua yeye kuwa mkaguzi wa taka wa kata hiyo mwaka 1895, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Basi alfajiri kwa alfajiri mwanamke huyu, ambaye baadaye angepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, alitoka kuyafuata magari ya taka hadi jalalani kuhakikisha kwamba kweli yamefika. Alimbana mkandarasi aongeze magari kutoka 9 hadi 13, kisha hadi 17. Katika mtaa mmoja mwembamba, baada ya kuondoa taka za kina cha inchi 18, yaani chini kidogo ya nusu mita, waligundua kwamba chini yake kulikuwa na barabara iliyosakafiwa.

Hiyo ilikuwa hali ya taka za majumbani ambazo jiji lilidai kuzishughulikia. Hoteli, wachinjaji nyama, wenye viwanda vidogo na wenye majengo ya kupanga walijitafutia mtu wao wa kuwazolea na kumlipa wenyewe. Katika pengo hilo Waholanzi waliingia.

Wengi wao walitoka mkoa wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, kwenye mashamba ya udongo mzito ambako maskini alikuwa kibarua wa mtu maisha yake yote. Walipofika Chicago walikaa pamoja kuzunguka barabara ya Ashland na mtaa wa 14, kiasi kwamba eneo hilo likaitwa pembe ya Wagroningen. Kanisa lao lilikuwa hapo, shule yao hapo, na nyuma ya nyumba nyingi palikuwa na zizi. Kiingereza hawakukijua, ila farasi walimjua tangu utoto: jinsi ya kumlisha, kumfunga hatamu, kumtibu mguu na kumrudisha nyuma kwenye uchochoro wenye barafu. Kazi ya kubeba mizigo haikuhitaji zaidi ya hayo.

Kulikuwa na sababu nyingine, nami naiona ndiyo kubwa. Watu hawa walikuwa waumini wa kanisa la Christian Reformed, ambao kwao Jumapili ni siku ya ibada na mapumziko bila mjadala. Kiwandani wangepangiwa zamu ya Jumapili. Kiwandani pia wangeshurutishwa kujiunga na vyama vya wafanyakazi vyenye viapo ambavyo kanisa lao liliviona vinashindana na kiapo cha imani. Mwenye gari lake hakuwa na wa kumpangia. Aliamka usiku wa manane kuanzia Jumatatu, akamaliza Jumamosi, na Jumapili akaketi kanisani mara mbili, asubuhi na alasiri. Kazi ambayo jirani zake waliidharau ilimpa uhuru ambao jirani hao, kwenye machinjio na kwenye vinu vya chuma, hawakuwa nao.

Ugumu wa kazi yenyewe lazima uelezwe, maana usipouona, hutajua ni nini kilichokuwa kikirithiwa. Taka za Chicago ya wakati ule zilikuwa jivu kwa sehemu kubwa. Majengo yalipashwa joto kwa makaa ya mawe, na kila tanuru liliacha jivu lake ghorofa ya chini kabisa, chini ya usawa wa barabara. Mzoaji aliteremka ngazi gizani, akalijaza pipa kwa koleo, akaliweka begani, akapanda nalo hadi uchochoroni, akalimwaga juu ya ubavu wa gari uliozidi kimo chake. Kisha akateremka tena. Upepo ukivuma kutoka ziwani, sehemu ya jivu ilimrudia usoni. Liliposemekana limepoa bila kupoa, liliweza kuwasha karatasi na vitambaa vilivyokuwa tayari kwenye gari, na hapo dereva hakuwa na la kufanya ila kuumwaga mzigo wote barabarani auzime. Kazi ilikuwa nzito zaidi Januari, wakati matanuru yalipowaka usiku na mchana na barabara ilipokuwa kioo cha barafu. Gari likijaa lilipelekwa kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimba mawe na wafyatua matofali, ambayo Chicago ilikuwa nayo mengi. Makombo ya mikahawa yalikwenda kwa wafuga nguruwe.

Mtoto wa kiume aliingia kazini akiwa bado shuleni, Jumamosi na wakati wa likizo, akiketi kando ya baba yake. Alichojifunza hakikuandikwa popote. Ni mlango upi unafunguliwa na nani, mbwa yupi anauma, mpishi yupi hulipa kwa wakati, ngazi ipi imeoza kidato cha tatu. Alipokuwa mtu mzima alikuwa ameibeba njia nzima kichwani, na hiyo ndiyo sababu njia ilikuwa vigumu kumwuzia mgeni na rahisi kumwachia mwana. Mke naye alikuwa ofisi: aliandika bili, alipokea simu zilipoanza kuwapo, na mteja aliyelalamika alilalamika kwake, mezani jikoni. Harm aliwaingiza wanawe kwenye kazi, na biashara ikaitwa kwa jina lake na la wanawe. Njia ilipokuwa ndefu kupita uwezo wa gari moja, iligawanywa kwa mwana wa pili. Binti alipoolewa, mara nyingi aliolewa na mwana wa mzoa taka mwingine, na shughuli za koo mbili zikakaribiana.

Ukiongeza ndoa juu ya ndoa kwa miaka 50, unapata mtandao ambao hakuna mwanasheria aliyeuandika. Kufikia katikati ya karne ya 20 Waholanzi walikuwa wameshika sehemu kubwa ya uzoaji wa kibinafsi wa taka Chicago na vitongoji vyake, na wenyewe walikuwa wamehama kutoka mtaa wa 14 kuelekea Cicero, Berwyn na vitongoji vya kusini, makanisa yao yakiwafuata. Desturi iliyowashikamanisha ilikuwa moja: mteja wa mwenzako humgusi. Mwenzako akivunjika mguu, jamaa hugawana njia yake mpaka apone, kisha wanamrudishia kamili.

Naiheshimu desturi hiyo, lakini sitaki kuipamba. Mwenye mkahawa aliyetaka bei nafuu alizunguka kwa wazoaji watatu na kuambiwa bei ileile, akaona kwamba anazungushwa. Kilichokuwa uungwana kati ya jamaa, machoni pa sheria ya ushindani kilifanana na njama. Na mlango wa biashara ulikuwa umefungwa kwa asiye jamaa. Wamarekani Weusi waliomiminika Chicago kutoka Kusini katika miongo hiyohiyo walikuwa na mabega na bidii kama Wagroningen, na wengi walijua farasi vilevile, lakini hawakuwa na mjomba wa kuwaachia njia.

Mwaka 1956 biashara hii iliingia mikononi mwa mtu asiyezaliwa ndani yake. Dean Buntrock alitoka Columbia, kijiji cha wakulima huko South Dakota, akasoma chuo cha St. Olaf huko Minnesota, na akamwoa binti wa ukoo wa Huizenga. Baba mkwe wake alipofariki, mjane na jamaa walihitaji mtu wa kuiendesha Ace Scavenger Service, mojawapo ya kampuni za ukoo. Kijana huyo aliyekuwa na umri wa miaka 25 hivi akahamia Chicago. Mkwe kushika usukani ni jambo ambalo koo nyingi za wafanyabiashara zinalijua: mkwe ni wa nyumbani, lakini macho yake ni ya mgeni. Buntrock aliona kitu ambacho waliokulia kwenye gari hawakukipa uzito, kwamba taka zenyewe zilikuwa zinabadilika.

Makaa ya mawe yalikuwa yakitoka na gesi na mafuta vikiingia, hivyo jivu lilipungua mwaka hadi mwaka. Nafasi yake ilichukuliwa na makaratasi, makopo, chupa zisizorudishwa na plastiki, vitu vyepesi lakini vyenye kujaza nafasi. Mzigo wa namna hiyo ulihitaji lori la kushindilia, linalozibana taka kwa nguvu ya mashine ili safari moja ibebe za safari kadhaa. Ulihitaji pia pipa kubwa la chuma linaloinuliwa na lori lenyewe, uvumbuzi uliosambazwa tangu miaka ya 1930 na ndugu wa ukoo wa Dempster kutoka Knoxville, Tennessee. Pipa la Dempster lilimwondolea mzoaji ngazi za chini ya jengo. Lakini lilihitaji mtaji ambao njia ya baba na mwana haikuwa nao. Miji nayo ilianza kupiga marufuku uchomaji wa taka kwenye nyua na kwenye matanuru ya majengo ili kusafisha hewa, na kila kilichokuwa kikiungua sasa kilibidi kibebwe. Mwaka 1965 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kwanza ya taifa kuhusu utupaji wa taka ngumu, na jalala la kienyeji likaanza kuhesabiwa siku zake. Mwenye malori mawili angewezaje kumiliki dampo lenye kukidhi sheria?

Wakati huo tawi lingine la ukoo lilikuwa Florida. Wayne Huizenga, mjukuu wa Harm, alizaliwa Desemba 1937 katika kitongoji cha Evergreen Park, Chicago. Baba yake alikuwa mjenzi na familia ilihamia Fort Lauderdale Wayne akiwa kijana. Alijaribu chuo cha Calvin, ambacho ni cha kanisa lao, hakukaa. Mwaka 1962 alianza na lori moja kuukuu na wateja wachache kando ya pwani ya kusini ya Florida, na kampuni akaiita Southern Sanitation Service. Aliingia barabarani saa nane na nusu usiku, akazoa hadi adhuhuri. Kisha alirudi nyumbani, akaoga, akavaa nguo safi, akatoka tena mchana kugonga milango ya wenye biashara kuwaomba wawe wateja. Babu yake angemwelewa asubuhi, mchana angemshangaa. Huko Florida hapakuwa na jamaa wa kuheshimiana njia. Njia ilitafutwa, na mwenye kuitafuta kwa kasi ndiye aliyeipata.

Mwaka 1968 Buntrock, Wayne Huizenga na Larry Beck, aliyekuwa na biashara yake ya taka Chicago, waliunganisha kampuni zao na kuunda Waste Management. Mwaka 1971 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza.

Mwaka huo wa 1968 una taka nyingine za kukumbukwa. Tarehe 1 Februari, mjini Memphis, wazoa taka wawili wa jiji, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya lori la kushindilia. Mashine ikajiwasha na kuwaponda. Wazoaji wenzao wapatao 1,300, karibu wote Weusi, waligoma. Martin Luther King alikwenda Memphis kusimama nao na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili. Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa makusudi. Huku Chicago wajukuu wa wazoa taka walikuwa wakijadiliana thamani ya njia zao kwa mamilioni. Kule Memphis watu waliobeba mapipa yaleyale, wengine kwa miaka mingi, hawakuwa na njia waliyoweza kuiita yao, wala nafasi ya kujikinga mvua. Kazi ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa nani anamiliki.

Mpango wa Waste Management ulikuwa mwepesi kueleza. Walimwendea mwenye malori matano au kumi katika mji fulani, mara nyingi mtu mwenye umri mkubwa ambaye watoto wake walikuwa wamesoma na hawakutaka kuamka usiku. Walimwambia: tupe njia zako, malori yako na dampo lako kama unalo, sisi tutakupa hisa, na wewe utabaki kuwa meneja hapahapa. Kwa Waholanzi wa Chicago maneno hayo yalisemwa na shemeji, binamu, mtu waliyekaa naye benchi moja kanisani. Wengi walikubali. Hadi mwaka 1972 kampuni ilikuwa imenunua biashara 133 na mapato yake yamefika dola milioni 82, ikihudumia nyumba 600,000 katika majimbo 19 ya Marekani na mawili ya Kanada. Huko Houston kampuni ya Browning-Ferris ilikuwa ikifanya vivyo hivyo, baada ya mhasibu Tom Fatjo kuanza na lori moja mwaka 1967. Katika muda usiozidi miaka 20, kazi iliyokuwa ya maelfu ya familia ikawa ya mashirika machache.

Sioni haki kuwalaumu waliouza. Mzee aliyeharibika mgongo kwa jivu alipata uzee wa heshima. Hisa za mwanzo zilipanda thamani mara nyingi mno, na makanisa, shule na vyuo vya jamii hiyo vikajengwa kwa fedha hiyo. Na madampo yaliyojengwa kwa mtaji mkubwa, yenye sakafu ya kuzuia maji machafu yasizame ardhini, yalikuwa bora kuliko shimo la matofali ambalo kila mtu alitupa alichotaka. Hilo ni jema ambalo mzoaji mwenye lori moja asingeliweza.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ilipata zabuni ya kusafisha Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, ikishirikiana na washirika wa Uingereza. Kazi hiyo ilihusu kila kitu, kuanzia kuzoa na kufagia hadi dampo na makazi ya wafanyakazi, na ilifuatiwa na zabuni za miji mingine mikubwa ng'ambo. Mwaka 1984 ilinunua sehemu kubwa ya SCA, mshindani wake, ikawa kubwa kuliko zote nchini. Mwaka huohuo Wayne Huizenga aliondoka. Buntrock alibaki akiongoza kutoka Oak Brook, kitongoji cha kitajiri magharibi mwa Chicago. Kampuni iliingia kwenye taka za sumu, taka za nyuklia, usafishaji maji, na mwaka 1993 hata jina ikalibadilisha kuwa WMX Technologies, jina ambalo neno taka halikusikika ndani yake.

Soko la hisa lilikuwa limezoea faida inayopanda kila robo mwaka. Miaka ya 1990 ilipofika, hapakuwa tena na biashara ndogo nyingi za kumeza, bei za madampo zilishuka na faida ikasita. Kilichofuata kimeandikwa katika mashitaka ya Tume ya Dhamana na Masoko ya Mitaji ya Marekani. Kati ya mwaka 1992 na 1997 faida ya kampuni ilionyeshwa kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kwa kiasi cha dola bilioni 1.7, na marekebisho ya hesabu yalipotangazwa mwaka 1998 yalikuwa makubwa kuliko yoyote yaliyowahi kufanywa na shirika hadi wakati huo. Mwaka 2002 Tume iliwashitaki Buntrock na wakuu wengine watano, ikisema wenye hisa walipoteza zaidi ya dola bilioni 6. Kampuni ya ukaguzi wa hesabu, Arthur Andersen, ilikuwa tayari imetozwa faini ya dola milioni 7. Mwaka 2005 wanne kati ya washitakiwa, Buntrock akiwemo, walimaliza shauri kwa malipo ya jumla ya dola milioni 30.8, bila kukiri wala kukanusha madai.

Mbinu yenyewe ndiyo inayonisikitisha. Tume ilieleza kwamba njia mojawapo ya kukuza faida ilikuwa kuongeza kwenye vitabu miaka ya maisha ya malori ya taka na kupandisha thamani ambayo yangeuzwa nayo yakichakaa, ili gharama ya uchakavu ya kila mwaka ionekane ndogo. Kama kuna kitu kimoja ambacho ukoo huu ulikijua kuliko wahasibu wote wa Marekani, ni umri wa gari la taka. Mwana aliyekaa kando ya baba yake alijua kwa sauti tu kwamba ekseli imechoka. Alijua lori la kushindilia, linalopakia chumvi ya barabarani na majimaji ya kuoza kila siku, huliwa na kutu kuanzia ndani. Asingedanganywa kuhusu lori hata dakika moja, kwa kuwa alikuwa analiendesha. Hesabu za Oak Brook ziliwezekana kwa sababu waliozisaini na walionunua hisa hawakuwa wanalisikia lori. Na hata kwenye ukaguzi, undugu mpya ulikuwa umechukua nafasi ya ule wa kanisa: Tume ilibainisha kwamba hadi mwaka 1997 kila mkuu wa fedha na kila mkuu wa uhasibu aliyewahi kuitumikia kampuni tangu iingie sokoni alikuwa ametoka Arthur Andersen.

Julai 1998 Waste Management iliunganishwa na USA Waste Services, kampuni ndogo kuliko yenyewe. Jina kubwa lilibaki, lakini uongozi ulikuwa wa USA Waste na makao makuu yakahamia Houston. Baada ya miaka 105, Chicago haikuwa tena makao ya biashara iliyozaliwa kwenye vichochoro vyake.

Wayne Huizenga aliyeondoka mapema alijenga Blockbuster, mtandao wa maduka ya kukodisha video, na akamiliki timu za michezo za Miami na Florida. Lakini mwaka 1995 alirudi kwenye taka. Alishika kampuni ndogo iliyoitwa Republic Waste, akaanza tena kununua njia za watu, na mwaka 1998 kitengo chake cha taka kikaingia sokoni kikijitegemea kwa jina la Republic Services. Mwaka 2008 Republic iliungana na Allied Waste, ambayo ilikuwa imeshaimeza Browning-Ferris ya Houston. Hivyo Wayne alipofariki Machi 2018, akiwa na umri wa miaka 80, makampuni mawili yanayoongoza kwa taka Marekani yalikuwa yote mawili na mkono wa mjukuu mmoja wa Harm.

Huko Chicago kazi inaendelea. Oktoba 2003 wazoaji na madereva wapatao 3,300 wa kampuni binafsi, wanachama wa chama cha Teamsters tawi la 731, waligoma kwa siku tisa wakidai mishahara. Mifuko ililundikana nyuma ya mikahawa na kwenye nyua za majengo ya kupanga, panya wakaonekana mchana, na watu waliokuwa hawajawahi kumtazama mzoaji usoni wakaanza kuulizana atarudi lini. Mzozo kama huo usingewezekana mtaa wa 14, ambako aliyebeba pipa na aliyepokea malipo walikuwa mtu mmoja, au baba na mwana.

Baadhi ya familia za Kiholanzi zilikataa kuuza mwaka 1971 na zikaendelea kujitegemea kwa miongo mingine. Kubwa kati yao ilikuwa Groot, iliyoanza Chicago mwaka 1914 kwa farasi na gari na ikakua hadi kuhudumia vitongoji kadhaa, ikishindana na binamu zake waliogeuka shirika. Januari 2017 nayo iliuzwa, ikachukuliwa na Waste Connections. Mnunuzi hakulifuta jina, kwa kuwa wateja walilizoea. Malori bado yameandikwa Groot ubavuni, na chini ya jina hilo, kwa herufi ndogo zaidi, la mwenye mali.